Viatu vya Alhamisi

Alhamisi, kengele ya mwisho ilipolia, Mwatima alibandika karatasi kwenye mlango wa chumba cha jiografia, ghorofa ya pili, katika shule moja huko Stechford, Birmingham. Aliandika jina la klabu, klabu ya kusaidiana ya wanafunzi wa LGBT, na chini yake akaongeza: tafadhali vua viatu mlangoni. Mwalimu Fiona, aliyekubali kuwa mlezi wa klabu, aliuliza viatu vinahusu nini. Mwatima alishangaa hata kuulizwa. Kwao, watu wa Unguja, mtu haingii ndani na viatu, na yeye alitaka watu waingie hapo kama wanavyoingia kwao. Haya, Fiona naye akavua vyake.

Wakangoja. Hakuja mtu. Vilikuja viatu.

Raba nyeupe ndizo zilizotangulia. Zilipanda ngazi zenyewe, zikafika mlangoni, zikajipanga. Zikafuata buti nyeusi, kisha viatu vya shule vilivyochubuka ncha, kisha raba za zambarau zenye kamba zinazoburuta. Ndani hamkuwa na miguu. Ila kutulia ndiyo havikutulia: ncha zikipigapiga sakafu, visigino vikipanda na kushuka, kama watu wanaosubiri kuitwa na daktari. Mwatima akasema karibuni, akarudia tena. Wapi! Havikuingia. Jioni vilishuka ngazi vikaenda zao.

"Angalau wamesoma karatasi," Fiona alisema.

Zile raba nyeupe Mwatima alizijua. Zilikuwa za Mahad, kijana wa Kisomali aliyekulia Garissa, rafiki yake wa tangu darasa la kwanza la sekondari. Kesho yake alimkuta kituo cha basi.

"Viatu vyako vilikuja jana."

"Najua. Nilibaki library na soksi. Miguu iliganda, walahi."

"Sasa si uje navyo mwenyewe?"

"Zii, Mwatima. Cousins wangu wako hii shule. Nataka kuja, ndio maana vinakuja. Lakini mimi mwenyewe siwezi." Basi likafika, akapanda bila kuaga.

Mwatima akawa hakai akatulia. Darasani anatafuna kalamu, nyumbani anafungua friji na kuifunga. Kila Alhamisi viatu viliongezeka, na ndani wakabaki wao wawili, yeye na Fiona, wakila biskuti walizonunua kwa ajili ya wengine. Bwana Pritam, naibu mkuu wa shule, alilalamika kwamba viatu vinaziba njia ya dharura. Hakuwa mtu mbaya. Alileta rafu ya viatu, ya mbao, nzuri kabisa, akaifunga ukutani kwa mkono wake. Kisha akasema klabu isiyo na watu haiwezi kushikilia chumba. Asipomwona hata mwanafunzi mmoja zaidi kabla muhula haujaisha, chumba kitapewa timu ya chesi.

"Lakini viatu vina wenyewe," Mwatima alisema.

"Hao wenyewe ndio ninaowataka," alijibu Bwana Pritam.

Habari zikamfikia mama yake, Bi Saleha, akinunua samaki. Aliporudi hakuvua hata koti.

"Mwatima, utatuvua nguo mbele za watu. Liache jambo hilo. Baba yako likimfika, mie nitamwambia nini?"

"Siachi, Mama." Alimjibu kwa Kiswahili, naye kwa kawaida humjibu mama yake kwa Kiingereza. Usiku ule walikaa kula. Mama akamwekea kipande kikubwa cha samaki, kama siku zote.

Alhamisi ya mwisho ya muhula rafu ilijaa, viatu vikashuka hadi kwenye ngazi. Mwatima alisimama mlangoni akamwita Mahad kwa jina lake. Raba nyeupe zikasogea mbele kidogo, zikarudi mahali pake. Machozi yalimlenga, na hasira pia, maana watu wote hao walikuwa wanataka kuja, na hapakuwa na mtu.

Ndipo vikapanda viatu vingine, polepole, vya mtu mzima. Vyeusi, bapa, nyuma vimekanyagwa hadi vimelala. Mtu mmoja tu Birmingham nzima alivikanyaga viatu vyake namna hiyo. Havikwenda kwenye rafu. Vilisimama kizingitini kabisa. Bwana Pritam, aliyekuwa anangoja na ufunguo, aliviomba visogee kidogo afunge mlango, navyo vikasogea.

Mwatima akavipakata ndani ya basi hadi nyumbani. Njia nzima vilikuwa vinachezacheza.

Mama alikuwa jikoni, miguu mitupu, anakata vitunguu.

"Viweke mlangoni," alisema bila kugeuka.

"Mama."

"Mie nilikuwa na Zainab. Kule kwetu Mkunazini, kabla sijaja huku. Akaozwa yeye, nikaozwa mie. Basi."

Mwatima alitaka kumkumbatia, na alitaka kupiga kelele, vyote kwa pamoja. "Uje, Mama. Uje wewe mwenyewe."

Mama akatia vitunguu kwenye mafuta, akavikoroga.

"Mnakutana wapi muhula ujao?"

"Wametunyang'anya chumba."

"Aa," mama alisema.

Nje gari la baba likazima. Mama akapunguza moto, akafuta mikono kwenye kanga, akavichukua viatu mikononi mwa binti yake na kuviweka chini, kando ya ndara za mumewe. Havikutulia. Vikawa vinageukageuka, vinaelekea njiani. Mama akavikanyaga kwa mguu mmoja, akaukaza, kisha akafungua mlango.

"Umerudi?" alimwambia mumewe. "Chakula bado kidogo." Mguu hakuuondoa.