Ingia na Viatu Vyako

Hamisa aliondoka Chanika akiwa ameshaamua kukataa. Pesa alikuwa nazo, amezifunga kwenye pindo la kanga, lakini alizibeba ili mwanawe Rehani asije akasema maisha yake yote kwamba mama hakutoka hata nyumbani. Amplifaya! Sanduku la kukuza sauti ya gitaa, zee kuliko Uhuru, kwa bei ya ng'ombe wawili wa maziwa. Yeye alikuwa Bibi Maendeleo, mwanamke aliyesoma chuo akarudi na stashahada yake, na mwaka mzima alikuwa akiwahimiza akina mama wa Mazingara waliohamia kijiji kipya cha ujamaa wachimbe vyoo na wachemshe maji. Sasa aonekane ananunua kelele?

"Si kelele, mama," Rehani alimwambia ndani ya basi, walipokwisha kuipita Korogwe. "Saba Saba bendi yetu imeitwa Korogwe, uwanjani, mbele ya watu wote. Ngoma tunazo, magitaa tunayo. Kilichobaki ni amplifaya. Tukiikosa, nafasi yetu wanapewa vijana wa Muheza."

"Na hiyo siku mtavaa nini?"

"Kaniki. Majembe begani, miguu peku, kama wakulima wenyewe."

"Afadhali. Angalau viatu hujaniomba."

Rehani akacheka. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, seremala mzuri akitaka, na mara nyingi hakutaka. Baba yake alikuwa amefariki, na Hamisa hakubahatika kupata mtoto mwingine. Ndiyo maana alimkaripia kuliko watoto wote wa Chanika, na ndiyo maana alipanda basi.

Muuzaji mwenyewe alikuwa Mdoe, kaka yake Hamisa, tumbo moja. Kwa Wazigua mjomba si mtu wa kupita tu. Mdoe ndiye aliyemfundisha Rehani kushika gitaa, na ndiye aliyesimama msibani baba mtu alipokufa, akatamka mbele ya watu wote kwamba mtoto huyu ni wangu. Zamani alikuwa na bendi yake, akipiga kwenye makambi ya mkonge. Sasa alikuwa ametulia Hale, kwenye nyumba yenye umeme, na ilisemekana anauza amplifaya kwa sababu mkewe amechoka nayo.

Walifika kabla ya adhuhuri. Hamisa alipiga hodi, akainama kufungua kamba za viatu kama anavyofanya kila mtu mlangoni kwa watu.

"Usivue!" Zamda, mke wa Mdoe, alitokea mbio kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Ingia na viatu vyako, wifi. Nawe Rehani, ingia na katambuga zako za tairi."

Hamisa akabaki ameinama. Zamda huyu! Mwanamke aliyewahi kumsimamisha katibu tarafa nje mpaka avue buti. Sebuleni kwake ulikuwa ukitandikwa mkeka wa ukindu, mpana, wa rangi nne, na hata mtoto wa kutambaa alifutwa magoti kabla ya kuukaribia.

"Umekuwa Mzungu lini, wifi?"

"Sakafu ina baridi," Zamda alisema, akageuza uso. "Karibuni."

Mkeka haukuwepo. Sakafu ya saruji ilikuwa tupu, ina alama za soli. Mdoe aliinuka kwenye kiti, amevaa viatu vyeusi vilivyong'arishwa, soli nene za mpira, ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Umekonda. Maendeleo hayo yanakula watu?"

"Shikamoo, mjomba," alisema Rehani, lakini macho yake yalikuwa yameshafika pembeni.

Ilikuwa pale, imeegemea ukuta. Sanduku la mbao lililovikwa ngozi ya kijani, kitambaa cha mbele kimeunguzwa na sigara, pembe zimekingwa kwa chuma, na juu bati lenye vinobu vitano. Mdoe aliipata kutoka klabu ya mabwana wa mkonge, mashamba yalipotaifishwa na mabwana wakarudi kwao. Hamisa aliizunguka kama anavyozunguka mbuzi wa mnadani. Akagonga mbao kwa kidole. Akanusa nyuma, mahali palipokuwa na vitaa vya kioo vimesimama kwenye vumbi.

"Mbao ni nzuri," alisema. "Ndani kunanuka panya."

"Panya gani! Hiyo ni harufu ya kazi," Mdoe alijibu. Akachomeka plagi ukutani na kuzungusha kinobu. Kimya. "Ingoje. Hizi za zamani haziamki haraka kama redio zenu za siku hizi. Inaoga kwanza, inavaa."

Vitaa vikaanza kuwa vyekundu kidogo kidogo. Kukatoka mlio mdogo, kama nyuki walio mbali. Rehani aliketi kwenye kigoda, akaunganisha gitaa lake, akapiga.

Hamisa alikuwa amezoea kumsikia mwanawe akikwaruza gitaa barazani mpaka anamwambia basi, watu walale. Hiki alichosikia sasa hakukijua. Sauti ilijaa chumba, nene na tamu, ikatoka dirishani, na kule njiani mtu akaitikia kwa mluzi. Rehani alikuwa amefumba macho. Alifanana na baba yake hata Hamisa akalazimika kutazama dari.

Wimbo ulipoisha alisafisha koo. "Bei yako ni ya wizi, kaka."

"Taja yako."

Akataja nusu. Alijiandaa kwa vita, maana Mdoe aliwahi kukataa kumnunua kuku kwa sababu ya senti kumi.

"Sawa," alisema Mdoe.

"Sawa nini?"

"Chukua. Mtoto ni wangu pia. Nataka ikae kwenye damu yangu, isiende kwa watu. Kuna watu wa Korogwe wanakuja Jumatatu, nitawaambia imeondoka."

Rehani aliruka akamkumbatia mjomba wake. Hamisa alianza kufungua pindo la kanga, huku akijishangaa. Alikuja kukataa, naye hapa ananunua. Zamda alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko wake. Hakucheka, hakupongeza.

Adhana ya adhuhuri ikasikika. "Tuswali kwanza," Hamisa alisema, akafunga tena pindo. "Pesa hazikimbii."

Rehani alitoka uani kutawadha. Mdoe alisogea dirishani kuitazama njia. Amplifaya ilibaki imewashwa, inavuma pole pole, na gitaa limelazwa juu ya kigoda.

Rehani alirudi kupitia jikoni. Alikuwa amezivua katambuga kwenye pipa la maji, amejiosha vizuri kama alivyofundishwa tangu utotoni, mikono hadi viwiko, miguu hadi vifundo. Maji yalimchuruzika yakaacha nyayo kwenye saruji. Uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyepata.

"Kamoja tu, kabla ya sala," alisema, akainamia gitaa.

"Viatu!" Mdoe aligeuka, na sauti aliyoitoa Hamisa hakuwahi kuisikia kwa kaka yake. "Rehani! Viatu!"

Mkono ulikuwa umeshazigusa nyuzi. Vidole vikajifunga juu yake. Rehani hakupiga kelele. Alikakamaa mzima, shingo imetoka mishipa, meno yameumana, macho yanamtazama mama yake wala hayamwoni. Amplifaya ilinguruma.

Miguu ya Hamisa ilitaka kwenda kwake. Kitu kingine ndani yake kikaizuia. Chuoni walikuwa na pasi ya umeme iliyokuwa ikiuma watu, na mwalimu wao alirudia mpaka wakachoka: usimshike aliyenaswa, kata umeme. Akaurukia ukuta, akalikunja pindo la kanga mkononi, akaing'oa plagi.

Rehani akaanguka kama gunia, gitaa likagonga saruji.

Kisha akavuta pumzi, ndefu, yenye mkwaruzo. Hamisa alikuwa ameshapiga magoti, ameweka kichwa chake mapajani. Vidole vitatu vilikuwa na mistari myeupe ya kuungua.

"Mama," alisema Rehani, midomo inatetemeka, "nimepigwa na nini?"

Hamisa alikishika kichwa chake kwa nguvu. Alikuwa anamtazama kaka yake. Hakushtushwa na umeme sasa. Umeme ni umeme, unauma. Kilichomganda kifuani ni lile neno, viatu, lililotoka kinywani mwa Mdoe kabla mtoto hajagusa kitu.

"Ulijua," alisema.

"Hamisa..."

"Nimekuuliza? Nimesema ulijua."

"Ina tabia hiyo kidogo," Mdoe alisema, akijifuta jasho. "Ukiwa na viatu vikavu haina neno. Mimi naipiga kila jioni, mbona mzima? Ningemwambia. Wakati wa kufunga mzigo ningemwambia, vaa viatu tu."

"Vaa viatu tu."

"Basi hivyo. Kila chombo kina masharti yake."

"Mwambie na habari za Simeo," alisema Zamda kutoka mlangoni.

"Nyamaza, mwanamke!"

"Nimenyamaza miaka mitatu. Mwambie wifi Simeo alikufaje."

Hamisa alimkumbuka Simeo, Msambaa mrefu mwenye sauti laini, mwimbaji wa bendi ya Mdoe. Alikuwa amelala kwake Chanika, alikula ugali wake, akamsifia mlenda. Alipokufa waliambiwa moyo ulisimama. Hamisa mwenyewe alipanda milimani kuzika, akamshika mkono mama wa marehemu, Bibi Dorkasi, akamwambia kazi ya Mungu haina makosa.

"Alikuwa amenunua viatu vipya," Zamda alisema. Aliongea polepole, kama anayemsomea mtu. "Vilimbana. Walikuwa wanapiga harusini, uani, mvua imetoka kunyesha. Akavivua, akavipanga vizuri pembeni, akashika kipaza sauti kilichochomekwa kwenye hilo sanduku. Hakumaliza hata ubeti. Tangu siku ile mkeka wangu umeviringishwa, wifi. Naswali jikoni. Nilimwambia mume wangu, chagua, hilo au mimi. Akasema analiuza. Sikujua analiuza kwa Rehani mpaka mlipopiga hodi. Nami nikawaambia ingieni na viatu, nikaona nimefanya kitu." Akautazama mwiko mkononi. "Sikufanya kitu."

Rehani alijiinua akakaa. "Mjomba, fundi si angeitengeneza?"

Mdoe alitazama chini. "Ametengeneza. Mara mbili. Inatulia, halafu inarudi."

"Simeo alikufa kabla ya fundi?" Hamisa aliuliza.

"Baada ya mara ya pili."

Hamisa aliuona uwanja wa Korogwe, Saba Saba, bendera na watu, umande wa Julai kwenye nyasi. Aliwaona vijana wa kaniki, majembe begani, miguu peku. Angekuwa amekaa mstari wa mbele. Angekuwa anapiga makofi.

Akainuka, akaichukua plagi sakafuni.

"Kaka, nauliza mara moja. Unasema haina neno?"

"Ukiwa na viatu..."

"Haya. Miye naichomeka. Wewe vua viatu vyako hivyo, ukanyage hapo mtoto wangu alipolowesha, uishike kwa mkono. Ukiishika, nakulipa bei yako yote, ile ya wizi."

Mdoe alivitazama viatu vyake. Vilikuwa vinang'aa, kamba zimefungwa mara mbili. Hakuinama. Muda ukapita, na nyayo za maji za Rehani zikaanza kukauka juu ya saruji, na bado hakuinama.

"Umenijibu," Hamisa alisema.

"Sasa, mdogo wangu... kama hununui, basi hao wa Korogwe Jumatatu..."

Hamisa aliiacha plagi ianguke. Alikuwa ameshasikia mengi mchana ule, akadhani yamekwisha. Huyu ndiye aliyesimama msibani akasema mtoto huyu ni wangu. Mtoto huyo bado yuko chini, vidole vinanuka kuungua, naye anaiwaza Jumatatu.

"Wifi," alisema, bila kumwondolea macho kaka yake, "shoka lako la kuni liko wapi?"

"Uani, nyuma ya mafiga."

Mdoe alisimama mlangoni kuwazuia. "Hamisa, hiyo ni mali yangu!"

"Kanishtaki. Nenda polisi, waeleze nimekuvunjia nini na kwa nini. Nami nitakuja kutoa ushahidi, nimtaje Simeo kwa jina na jina la baba yake. Pisha."

Akapisha.

Wanawake wawili waliibeba, kila mmoja na upande wake, ilikuwa nzito kama mtu. Uani Hamisa alipasua mara ya kwanza, vitaa vikalia kama glasi za karamu. Zamda akamwomba shoka, akapiga zaidi ya ilivyohitajika. Rehani alitoka akachechemea mpaka kizingitini, mkono ameufunga kitambaa cha maji.

"Spika haina kosa, mama," alisema kwa sauti ndogo.

Hamisa aliitazama ile spika kubwa, nyeusi, nzima katikati ya vipande. Alikuwa mtu wa kutotupa kitu. "Chukua. Saba Saba mtapiga gitaa kavu. Watu wasogee karibu, wana miguu."

Kisha akamwambia Mdoe, aliyekuwa ameketi kwenye ngazi ya jikoni na mikono kichwani: "Wiki hii utapanda milimani kwa Bibi Dorkasi, umwambie mwanawe alikufa na nini. Nitakwenda nawe, maana nilimdanganya bila kujua. Usipokwenda, nakwenda peke yangu, na huko nitasema kila kitu."

Baadaye kidogo, akiwa palepale, Mdoe alianza kufungua kamba za viatu vyake.

Zamda alikuwa ameshaingiza mbao za kijani chini ya sufuria. Ziliwaka vizuri, mbao kavu za miaka mingi. Alipofuta jasho aliingia chumbani, akatoka na kitu kirefu kimeviringishwa, akakipiga vumbi ukutani. Akafagia sebule. Akautandika, rangi nne, ukingo kwa ukingo, mpaka pale pembeni palipobaki alama ya mraba kwenye saruji.

"Wifi," aliita, "vueni viatu muingie. Chakula kinakaribia."