Kwapa la Audax

…mkono usinyanyuke tu, Audax anajiambia, usinyanyuke, kwapa likae limebanwa hivi hivi, maana mtungi wa rubisi, pombe ya ndizi, upo juu ya kigoda na yeye amepiga magoti mbele yake kama desturi inavyotaka, mrija umesimama mrefu kupita kichwa chake, kuufikia lazima mkono wa kulia uende juu, na lubega imefungwa bega la kushoto, kwa hiyo kulia kote ni wazi, bega wazi, ubavu wazi, na kwapani nywele zimeota tena, nyingi, zinawasha, na pale mlangoni, juu ya kiti alichopewa kwa heshima isiyotoka moyoni mwa mtu, amekaa Hatibu, tarishi wa baraza, kanzu imejaa vumbi la njia yote kutoka Ngara, tarbushi ameiweka gotini, anatazama. Hakualikwa huyu. Alikuwa anapita, eti, kasikia vigelegele, akaona si vibaya kuwasalimu watu… salamu gani hiyo inayoziba mlango… kwa mkono wa kushoto je? Haiwezekani, nani alishika mrija wa wakwe kwa kushoto, watasema Marsiana ametoka nyumba ya wahuni, na Marsiana yupo nyuma ya pazia la mkeka na mama, Audax anamsikia anavyopumua, dada yake huyo mmoja anayeposwa leo, ndugu wengine wote wamelala kule migombani chini ya udongo, wamebaki wawili tu, ndiyo maana leo hakuna mwingine wa kuonja, ni yeye. "Haya, mtoto wa nyumba," Mzee Pancras anasema, msemaji wa wakwe, midomo yake imeshakauka, "tuondolee wasiwasi, koo zetu zimeota kutu," na wakwe wanacheka, wamekaa na mirija yao mapajani, hakuna anayeigusa pombe, hawatagusa mpaka yeye ameze, ndivyo ilivyo tangu mababu, mtu mzima anaweza kuwa kanywa dawa ya kujikinga huko chumbani, lakini baba gani atamtilia sumu mwanawe? Mtoto akimeza, mirija yote inaingia mtungini, posa imekubaliwa. Asipomeza wanainuka, wanaokota fimbo zao, kwaheri, na kuanzia hapo Murukulazo mpaka mtoni nyumba hii inaitwa nyumba ya sumu, Marsiana atazeeka na jina hilo… umeze basi, Audax, kitu chenyewe ni pombe tu, umeinyonya tangu una meno ya maziwa… lakini Hatibu.

Hatibu ndiye aliyeipigia mbiu amri ile sokoni Ngara, juu ya kasha la chumvi, kwa Kiswahili chake cha pwani kilichonyooka kama kanzu ya Idi, asiyelipa kodi ni mtoto, na mtoto hanywi pombe, si sokoni, si njiani, si ndani ya nyumba ya baba yake, na baba atakayempa atafungwa yeye, na vijana wa sokoni wakazomea, Audax akiwa mbele yao, kelele nyingi kama kawaida yake, mtu aliyeacha shule ya padri kwenye kujumlisha lakini mdomo haukuacha, "Tarishi, utaingia mpaka kwenye mitungi ya mama zetu?" watu wakaangua kicheko, na Hatibu hakukasirika, alimwangalia tu, akasema, "Nitabisha hodi kwanza, kijana." Na kweli leo kabisha hodi. Lo, mdomo huu. "Bwana talishi," Mzee Pancras anageuka, "na wewe chukua mrija basi, au watu wa pwani matumbo yenu hayajui ndizi?" Wanacheka tena, lakini kicheko kimeisha mapema, na Hatibu anasema, "Sinywi, mzee wangu. Mimi nanusa tu." Nanusa tu! Angekuwa mnywaji ingekuwa rahisi, tarishi aliyepita kabla yake alikuwa anakunywa, unampa mrija mnene, anasahau hata alichotumwa, lakini huyu ni mtu wa msikiti, huwezi kumfunga mdomo kwa rubisi… Sasa Hatibu anamgeukia baba, taratibu, "Mzee, huyu anayeonja ni mtoto au ni mtu mzima? Nakuuliza mbele ya watu." Na baba kimya. Sema basi, baba! Hapana, usiseme. Ukisema mtoto, umempa mtoto pombe mbele ya macho ya tarishi, kamba mkononi, bomani. Ukisema mtu mzima… kiangazi kile kilichopita, vijana walipangwa mstari, karani wa kodi mezani, Hatibu anapita, "Inua mkono! Na wewe, inua!" anachungulia makwapa kama mtu anayetafuta kuku aliyeibwa, mwenye nywele ni mwanaume, alipe, asiye na cha kulipa aende akavunje mawe barabara ya Lusahunga, asiye na nywele arudi kwa mama yake, na asubuhi ile kabla jogoo hajashuka baba alimkalisha nyuma ya nyumba, akamnyoa kwapa kwa kipande cha chupa, hakusema neno, mkono wake unatetemeka, akamkata, akapaka majivu. Hatibu aliweka kidole pale pale penye kidonda. "Kimemkwaruza nini mtoto huyu?" Na baba, na ngoma ya moyo wake inasikika mpaka Biharamulo, "Mgomba, bwana." Mgomba! Tangu lini mgomba una miiba? Watu waliokulia migombani wote walikuwepo pale, hakuna aliyecheka, na Hatibu akatazama migomba iliyozunguka kila upande, laini, majani yake yanapepea, akasema, "Migomba ya huku mikali," akapita.

Alijua. Mama yangu, yule alijua siku ile ile… kwa hiyo leo kaja kumalizia? Au kaacha upenyo makusudi, maana kauliza mtoto au mtu mzima, angetaka angefunga tu bila kuuliza, huwezi kujua, uso wa mtu wa pwani ni kama mtungi wenye mfuniko… Lusahunga, Lusahunga kuna pori na mbung'o, alikwenda Nahimana, mtoto wa baba mkubwa, mcheza ngoma asiyechoka, akarudi na malale, analala ameketi, analala na tonge la ugali mkononi, mama yake anamfinya, anafumbua macho, anamtazama kama mgeni, analala tena, mpaka siku aliyolala moja kwa moja, na tonge lile Audax aliliona likiwa bado lina alama za vidole. Ndilo lililo upande wa pili wa huu mkono. Atoroke? Mlango mmoja, na mlangoni kuna kanzu. Ajifanye ana kifafa? Aangushe mtungi? Ukiangushwa ndiyo sumu yenyewe hiyo… Baba anakohoa. Tangu mwanzo Audax alidhani baba ananyamaza kwa woga, alikuwa anamwonea aibu kidogo, mzee mzima kukaa kama kifaranga kwenye mvua, lakini sasa baba anainua uso, ananyoosha lubega yake, ameivaa mpya, ile ya kanisani, na miguuni… baba amevaa makubazi. Ndani ya nyumba yake mwenyewe amevaa makubazi ya safari, na kifuko cha tumbaku kimefungwa kiunoni kama mtu anayekwenda mbali. Ameyavaa saa ngapi? Alipoona tarbushi inapanda kilima, ndipo. "Onja, mwanangu," baba anasema, pole pole, na sauti haitetemeki kama ule mkono wenye chupa, "onja, mtoto wangu," neno hilo, mtoto, analisema wazi ili tarishi alisikie vizuri, na Hatibu anaichukua tarbushi gotini na kuivaa, na nyuma ya mkeka mama ameacha kupumua. Kumbe. Kumbe hakunyamaza kwa woga, alikuwa anachagua, na ameshachagua, binti aolewe, kijana asiende porini, yeye aende bomani na kikohozi chake… mbung'o, tonge la Nahimana, alama za vidole… mrija umesimama pale pale, povu linapasuka kidogo kidogo mdomoni mwa mtungi, hakuna aliyekunywa, hakuna aliyeinuka, Mzee Pancras analamba midomo, na Audax bado yupo magotini, jasho linachuruzika ubavuni, woga haujaondoka hata kidogo, umekaa tu pembeni kama mtu anayempisha mwenzake njiani, nywele ni zangu, baba, zimeota zenyewe, hukuzipanda wewe, kodi yake nitaibeba mimi, na kwapa linaachia, kidogo tu, unene wa mrija, upepo wa migombani unapita hapo katikati, baridi.