Mama Rudia na Vidonge Vipya

Kazini walimpachika jina la Mama Rudia, maana kipimo kikitoka na shaka hata chembe, neno lake lilikuwa hilo hilo: rudia. Alikuwa mkemia katika maabara inayopima dawa kabla hazijaruhusiwa kuuzwa. Nyumbani alikuwa dada mtu, na mdogo wake, fundi cherehani, alikuwa na kifafa.

Dawa za zamani zilikuwa zimeanza kushindwa kumsaidia fundi. Alishawahi kuanguka akiwa kwenye cherehani, mteja akimtazama. Daktari akamwambia kuna vidonge vipya, kwingine watu wanavitumia na wamepata nafuu kubwa. Hapa vinangoja kibali tu. Tangu hapo fundi hakuwa na wimbo mwingine ila kibali.

Siku moja muuza dawa akamtonya kwamba vidonge vimekataliwa, vimerudishwa kiwandani. Fundi alifunga kibanda chake cha kushonea, akaenda moja kwa moja kwa dada yake, akamkuta anaosha vyombo.

"Dada, ni wewe uliyevirudisha?"

Dada mtu alikausha mikono kwanza. "Ya kazini huwa siyaleti nyumbani. Lakini hili limeshatangazwa. Ndiyo, ni mimi."

"Na ulijua navisubiri."

"Nilijua. Ndiyo maana siku ya kwanza tu nilimwambia mkuu wangu kwamba nina mgonjwa, akampa na mwenzangu avipime kivyake. Tuliviweka kwenye joto kama la kibanda chako mchana. Vilipoteza nguvu ndani ya chupa. Mwenzangu akapata jibu lile lile. Nikarudia."

"Si ungefumba jicho moja tu?"

"Ungemeza kila siku bila kukosa, halafu uanguke, ujilaumu mwenyewe. Dawa iliyopungua nguvu haina alama usoni, mdogo wangu. Inafanana na nzima."

Fundi aliondoka bila kuaga. Akawa hapokei simu za dada yake. Kisha akaanguka tena, safari hii akapasuka kwenye paji la uso, na majirani wakamwita dada yake. Alikuja na nguo za kazini, akamfunga kidonda, bandeji ikamponyoka, akaanza upya, ikamponyoka tena. Fundi hakuwahi kuiona mikono ile ikikosea. Hapo ndipo alipojua kwamba kusubiri kule kulikuwa kunawauma wote wawili, na kwamba dada yake alikuwa ameyapima maumivu hayo pia kabla ya kusema hapana.

"Nisamehe, Dada," akasema.

"Kaa kwanza, damu bado inatoka."

Kiwanda kiliachana na chupa, kikafunga kila kidonge peke yake ndani ya karatasi ya alumini. Vikapimwa upya, vikastahimili joto, kibali kikatoka. Fundi alipovianza, kuanguka kukapungua, halafu kukawa kwa nadra sana. Wateja wakarudi mmoja mmoja, hata wale waliokuwa wakipita upande wa pili wa barabara.

Siku moja akiwa kwenye foleni ya duka la dawa, mama mmoja alikuwa akilalamika kwamba dawa ya mwanawe ilicheleweshwa na watu wa maofisini wasiojua shida.

"Anayezichelewesha ni dada yangu," fundi akasema.

Mama akageuka, uso umekunjamana.

"Na mimi nazimeza," akaongeza, akamwonyesha kidonge chake.