Mipira Ishirini na Pampu Moja

Usiku wa jana niliota nimepunguzwa urefu, na wala haikuniuma.

Kwanza niseme nililala na nini kichwani. Mimi ni Singano, beki wa kushoto wa Mkonge Rangers ya Muheza, jezi namba tatu, msimu wa tisa huu. Waziri Mntambo alikuwa mbadala wangu. Tulilala chumba kimoja kambini miaka minne, mimi kitanda cha dirishani, yeye cha mlangoni, na kila mechi mimi nilicheza yeye akakaa benchi. Mwaka juzi klabu ikampeleka Upepo FC ya Singida kwa kubadilishana. Wao walitupa mipira ishirini. Mipya, sikatai, lakini mipira. Siku ile nilicheka mpaka nikakaa chini.

Sasa Waziri ni nahodha wa Upepo, na mwezi uliopita aliitwa timu ya taifa. Namba tatu. Mguu ule ule niliokuwa nauona unaning'inia kitandani, soksi imetoboka kidole gumba.

Jana jioni akanitumia ujumbe. "Shikamoo kaka. Kocha anataka kunisogeza mbele, anatafuta namba tatu mwenye uzoefu. Nimekutaja. Dirisha la usajili linafungwa kesho saa sita mchana. Niambie."

Niliusoma mara sita. Nina miaka thelathini na moja, na Mkonge hawajaniambia lolote kuhusu mkataba. Nikikosa hapa, najua nitarudi nyumbani kuuza machungwa. Lakini kutajwa na Waziri? Mimi? Nikageukia ukuta nikalala bila kujibu.

Basi niko mbele ya geti la kambi. Juu ya geti letu kuna maneno ya rangi nyeusi: HAKUNA MCHEZAJI MKUBWA KULIKO TIMU. Yapo kweli, hata ukija leo utayakuta, na mimi ndiye niliyeng'ang'ania yaandikwe. Ila jana geti lenyewe lilikuwa linanifika kiunoni.

"Unazidi," geti likaniambia.

"Nazidi nini?"

"Unazidi timu. Nenda kwa fundi."

Sikubishana. Ukibishana na geti la klabu utalala nje.

Fundi amekaa kwenye cherehani chini ya tangi la maji, ametupa mgongo. Timu nzima tumepanga foleni. Anapima mtu kwa futi kamba, anachora mstari wa chaki ya bluu, halafu anamkunja magoti kwa ndani, kama anavyopunguzwa mtoto suruali ya shule, anashona. Wala hageuki, mikono tu ndiyo inayokuja nyuma. Amevaa jezi namba tatu. Niliona ni utovu wa adabu, maana namba tatu ni yangu, lakini mtu mwenye sindano humkemei.

Chiduo, kipa wetu, ambaye akisimama mlangoni chumba kinakuwa giza, alitoka pale ananifika kifuani.

"Unajisikiaje?" nikamuuliza.

"Kawaida. Viatu tu vinapwaya."

"Na mwamba wa goli utaufikia?"

"Mwamba nao umeshushwa," Chiduo akasema. "Kila kitu kimeshushwa. Tuko sawa."

Zamu yangu ikafika. "Huyu alipiga krosi nzuri Jumamosi," fundi akasema. "Inchi tatu."

"Fanya mbili, fundi."

"Tatu. Watu walipiga makofi."

"Na anayebaki uwanjani wenzake wakishaoga, huyo ni inchi ngapi?"

"Huyo hashonwi. Huyo anapelekwa Singida."

Nikashonwa inchi tatu. Niliposimama niliona nyasi ziko karibu kuliko nilivyozoea, nikaona ni jambo la kawaida.

Kocha anaita majina. Chiduo yupo. Singano nipo. "Waziri Mntambo!"

"Tupo," wakaitika.

Nikageuka. Kwenye benchi, mahali pale pale alipokuwa anakaa Waziri, kuna mipira ishirini. Imevaa jezi moja, imejazana humo ndani, mmoja umetoa kichwa shingoni.

"Ninyi siyo Waziri," nikawaambia.

"Ndivyo tulivyoandikwa," ule wa shingoni ukajibu. Sauti yake ya puani. "Karatasi ya klabu inasema Mntambo katoka, mipira ishirini imeingia. Nafasi ni moja. Tunabanana humo humo."

"Basi mbona mmesinyaa?"

"Hatupigwi. Mazoezi yakiisha tu, stoo inapigwa kufuli."

Hapo nikaanza kuangalia viatu vyangu. Na hili si la ndotoni, hili lilitokea. Waziri alikuwa na tabia ya kubaki uwanjani peke yake, anapiga krosi mpaka kiza. Sisi wakongwe tulimcheka, tukasema anajipendekeza kwa kocha. Aliyeanza kusema ni mimi. Mwaka wake wa pili kambini alipozidi, na krosi zake zikaanza kunyooka kuliko zangu, nilimfuata Mzee Kibwana mtunza vifaa, nikamwambia klabu imeagiza stoo ifungwe mara wakongwe wakitoka. Klabu haikuagiza kitu. Mzee Kibwana akaniamini kwa kuwa mimi ni mkubwa hapa. Tangu siku ile Waziri alipiga krosi kwa machungwa mabovu. Muheza machungwa mabovu hayakosekani.

"Nani alimwambia Mzee Kibwana afunge?" mpira ukaniuliza.

"Sijui."

"Sisi tunajua. Tulitaka tu kukusikia." Na wote ishirini wakasinyaa kidogo zaidi, pssss, kama watu waliochoka na mgeni.

Nikitaka kuwajibu, naona benchi halipo. Tuko chini ya ukuta mrefu, na juu kabisa kuna dirisha la mbao, mabawa mawili, lina pazia la kitenge. Hakuna aliyenieleza, nikajua tu ndilo dirisha la usajili. Katibu wetu, Bwana Kopwe, amepanda juu ya kreti la soda, anaongea na mtu aliye ndani.

"Singano tunampeleka," anasema Bwana Kopwe. "Mtatupa nini?"

"Mna shida na nini?" sauti ya ndani inauliza.

"Pampu. Ile mipira ishirini mliyotupa imesinyaa."

"Pampu ipo."

"Nzima?"

"Inavuja kidogo."

Bwana Kopwe aliniangalia, akaanzia kichwani, akashuka, akafika chini mapema. "Naye anavuja kidogo," akasema. "Tumekubaliana."

Nitasema ukweli wangu. Sikuumia kwa kuwa nimebadilishwa na pampu. Niliumia kwa kuwa ilikuwa pampu ya kujazia mipira ya Waziri.

Upepo ukalipeperusha pazia, nao haukuwa upepo wa Muheza, ulikuwa mkavu, umejaa vumbi la Singida. Ndani kulikuwa na uwanja mzima. Ukutani kwao wameandika TUNABEBANA. Kwetu neno hilo ni tusi, maana yake mtu hana uwezo, kapachikwa. Wao wamelichukua lilivyo. Winga amembeba mshambuliaji mabegani, mshambuliaji kambeba Waziri, Waziri kambeba kipa wa akiba, na kipa wa akiba kanyanyua mkono ananyoosha nyavu. Hakuna anayehema.

Nilimtazama Waziri soksi. Nzima, zote mbili. Hata soksi nilizionea kijicho.

"Shikamoo, kaka," akasema kutoka huko juu.

"Marahaba. Umekuwa mrefu."

"Sijarefuka, kaka. Nimebebwa tu. Na huyu nimembeba mimi."

"Na mimi atanibeba nani?"

"Yeyote. Wewe panda."

"Halafu mimi nitambeba nani?"

"Mimi," akasema. "Siku nikichoka."

Miguu yake ilikuwa juu ya kichwa changu. Nilitaka kuiuma. Mtu mzima, beki mwenye misimu tisa, nasimama chini ya dirisha natamani kuuma mguu wa mtu.

"Ulikuwa mbadala wangu," nikamwambia.

"Ningebaki ningekuwa hadi leo," Waziri akasema, wala hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililonichoma. Angesema kwa ubaya ningepata pa kumshikia.

Akainama, wenzake watatu wakainama pamoja naye, akanyoosha mkono dirishani. Nami nikanyoosha wangu. Haukufika. Ulipungua inchi tatu.

"Fanya haraka, nafunga saa sita," dirisha likasema.

"Sasa ni saa ngapi?"

"Saa sita kasoro Singano."

Na kweli nikasikia bawaba zinalia, bawa moja limeanza kurudi.

Mipira ikatoka kwenye jezi, mmoja mmoja, ikajipanga chini ya ukuta, ngazi kabisa. Nikaweka mguu kwenye wa kwanza ukadidimia kama unga.

"Hatukuwezi hivi," ule wa shingoni ukaniambia. "Tuna njaa ya upepo. Lakini sema neno moja tu, tutajaa."

"Neno gani?"

"Nani alifunga stoo."

Jamani, lilikuwa neno jepesi. Herufi nne. Mimi. Nikafungua mdomo, nikamwona Waziri anasubiri, mkono bado uko nje, kipa wa akiba naye anasubiri, winga aliye chini kabisa hajui hata kinachosubiriwa lakini anasubiri. Nikawaza, nikisema hapa, huyu atakuwa mrefu zaidi. Atakuwa amefika huko kwa machungwa mabovu, na mimi nitakuwa pampu, tena mwizi wa mipira.

"Mzee Kibwana," nikasema. "Ndiye mwenye funguo."

Mipira yote ishirini ikalala chapati. Bawa la kwanza likafunga. La pili nalo likafunga, taratibu, bila kubamiza. Pazia lilibanwa nje, kipande kidogo cha kitenge, na hicho nacho kilikuwa juu, sikukifikia.

Nikarudi kwa fundi nina hasira. Yuko pale pale chini ya tangi, bado amenipa mgongo, anapunguza nyavu za goli.

"Nifumue," nikamwambia.

"Sifumui. Nilishona kwa agizo."

"Agizo la nani?"

Akageuka. Alikuwa mimi. Kovu langu la kidevuni analo, jino langu lililovunjwa na beki wa Korogwe analo. Alionekana amechoka sana.

"La kwako," akasema. "Si ulisema hakuna mkubwa? Nikashona wote. Nimekushona hata wewe. Mmoja tu ndiye sikumwahi, alikuwa uwanjani na machungwa yake."

Akanipa ile chaki ya bluu. "Shika basi, mimi nimechoka. Wapime mwenyewe."

Nikaishika.

Niliamka saa mbili asubuhi, jua limeingia kwa upande wa kitanda changu. Nilipapasa magoti, yako sawa. Nikasimama kando ya kitanda cha mlangoni, ambacho tangu Waziri aondoke tunaanikia taulo, nikajipima na ubao wa juu. Urefu wangu wote upo. Nikakaa.

Saa nne nilikuwa bado nimekaa. Mazoezi nilikwepa, nilidanganya nyonga inauma. Nilisikia wenzangu wanarudi, na kabla hawajaoga nikamsikia Mzee Kibwana anafunga stoo. Anafunga hadi leo. Hakuna aliyewahi kumwambia aache.

Nikachukua simu. Nikaandika: "Waziri. Aliyemwambia Mzee Kibwana afunge stoo ni mimi. Klabu haikuagiza."

Nikatuma kabla sijajihurumia. Sikuandika habari ya namba tatu wala ya dirisha. Nilijua nimejifungia mwenyewe, na nilikuwa nimeshaanza kuhesabu machungwa.

Jibu lilikuja hata sijaishusha simu. "Najua kaka. Mzee Kibwana aliniambia wiki ile ile. Huku stoo haina kufuli. Unakuja au huji?"

Wiki ile ile. Maana yake miaka miwili iliyobaki alilala hatua mbili kutoka kwangu akijua, na kila asubuhi akaniamkia shikamoo, na mimi nikaitika marahaba kama mtu mwenye haki nayo.

Nilimwonea wivu upya, pale pale, wivu mpya kabisa ambao sikuwa nao jana. Krosi kanizidi, cheo kanizidi, na sasa hata kusamehe kanizidi, tena kafanya kimya kimya, peke yake, wenzake wameshaoga.

Nikaandika "Nakuja." Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi na moja.

Nilipoiweka simu kitandani ndipo nikaona kioo chake. Kimejaa alama za vidole vyangu, za bluu.