Mikono ya Mshona Kola

Muuguzi wa zamu ya asubuhi alikuwa akitandika kitanda cha dirishani, katika wodi ya walioungua, mikono miwili ilipoingia imeshikilia ukingo wa kitoroli cha chai. Aliitazama, kisha akatazama saa ya ukutani.

"Muda wa kuona wagonjwa bado," alisema. "Lakini maadamu mmeshafika, naweni kwanza."

Mikono ikapanda kwenye sinki, ikafungua bomba, ikanawa.

Ilikuwa ya Mshona Kola, aliyelala kitanda cha pili. Kiwandani kila mwanamke aliitwa kwa kipande alichoshona, na hakuna aliyewahi kushona shati zima. Siku ya moto mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli upande wa nje, kama siku zote, mashati yasije yakaibwa. Mshona Kola aliupiga mlango wa chuma mpaka ukawa mwekundu kwa moto, na akaendelea kuupiga. Daktari aliikata mikono juu kidogo ya vifundo. Hakuna aliyeuliza ilipelekwa wapi.

"Kumbe mpo," alisema Mshona Kola. "Hebu nikuneni pua."

Mikono ikampita. Ikaenda kitanda cha jirani, kwa Mshona Vifungo, ambaye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu aambiwe kwamba mdogo wake hakutoka. Daktari alikuwa amemnong'oneza muuguzi kwamba asipokula, kumbadilisha bandeji ni kazi bure. Mikono ikamega mkate, ikauchovya kwenye chai, ikausogeza mdomoni mwake.

"Niache, shoga. Sitaki."

"Si mimi. Mimi mwenyewe pua inaniwasha na mikono hainisikilizi. Kula, isije ikachoka bure."

Mshona Vifungo akala kipande kimoja. Mikono ikasubiri ameze, ikakunja pembe ya shuka lake ikasimama kama ncha ya kola, ikatoka.

Ikawa inakuja kila asubuhi. Ilikuja na kutu kwenye kucha, na muuguzi aliisugua kwa brashi kabla haijagusa mkate.

Ndipo msimamizi wa kiwanda akaja na pakiti ya biskuti. Alikaa kwenye ncha ya kiti.

"Poleni sana, dada zangu. Nimekuja kwa jambo dogo tu. Dada, iambie mikono yako ituache. Kutwa iko mlangoni inahangaika na kufuli. Wasichana wapya wanaisikiliza badala ya kushona."

"Mmefunga tena?" aliuliza Mshona Kola.

"Ndio utaratibu, dada. Ila mlango ni mpya."

Mshona Vifungo akageuza kichwa. "Kwenye cherehani ya mdogo wangu amekaa nani?"

"Binti mmoja hivi. Mwepesi kweli."

Msimamizi alipoondoka, biskuti zilibaki pale alipoziweka.

Asubuhi iliyofuata Mshona Vifungo alimwomba muuguzi afungue kabati lake, atoe kibanio cha nywele. Kilikuwa cha mdogo wake. Muuguzi akakiweka kwenye kiganja cha mkono wa kulia.

"Kwa vidole vitupu hamtaweza," Mshona Vifungo aliiambia mikono. "Haya, nendeni, msichelewe. Huu mkate nitakula mwenyewe."

Mikono yake mwenyewe ilikuwa imefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko. Aliinamia sahani, akaung'ata mkate hapohapo, akaumaliza.

Kibanio kilirudi siku hiyohiyo kimepinda. Kabla ya saa sita mchana msimamizi alipiga simu wodini kusema kwamba kufuli sasa ni mbili, na kwamba anaomba ushirikiano. Muuguzi aliwafikishia ujumbe.

Kulipokucha, Mshona Vifungo alikinyoosha kibanio kwa meno, akakidondosha kwenye kiganja kilekile, akaomba kipande cha pili cha mkate. Muuguzi akamkuna Mshona Kola pua.

Upande wa pili wa mji kengele ya kuingia kazini ililia. Wasichana waliingia, mlango ukafungwa kwa nje. Mikono ilikuwa njiani.