Msimamizi Mwenza na Maji ya Mashamba Manne

Keziah Maplethorpe alikuwa akimenya viazi jikoni alipoona maji yakichuruzika kwenye nyufa za sakafu. Akapandisha viatu juu ya benchi, akaendelea kumenya. Nje kulikuwa kukavu. Jimbo la Lincolnshire, Uingereza, halikuwa limepata mvua tangu Pasaka.

Mama yake, Tabitha, aliyepooza miguu, aliyanusa akiwa kitandani chumba cha pili.

"Hayo ya Shamba Refu," alisema. "Yananuka kabichi. Enoch ameliuza."

Kweli, kaka yake Keziah alikuwa ameliuza asubuhi ile.

Marehemu baba yao alikausha kinamasi kwa miaka arobaini, akachimba mitaro kwa mkono, akapata mashamba manne. Kwa wasia alimwachia mkewe nyumba na mazao ya mashamba hayo hadi afe, na akawataka Enoch na Keziah wasimamie mirathi pamoja. Sheria ya Waingereza ilikuwa na neno la pekee kwa mwanamke aliyepewa kazi hiyo: neno lile lile la mwanamume, likabandikwa kichwa cha kuonyesha ni mwenza na mkia wa kuonyesha ni mwanamke. Wakili Pilbeam alilitamka kwa heshima kubwa siku ya kusoma wasia.

Keziah alikwenda mjini kwa wakili, pindo la gauni likiwa bado limelowa. Alimkuta Enoch huko akinywa chai.

"Wasia unasema pamoja," alisema Keziah.

"Ndiyo, Bi Keziah," alijibu wakili. "Mmoja akitia saini, wote wawili wametia."

"Basi nikikataa mimi, wote wawili tumekataa?"

Wakili alifikiri kidogo. "Hapana. Haiendi hivyo."

"Dada, usijichoshe," alisema Enoch. "Wewe muuguze Mama."

"Maji yameingia jikoni, Enoch."

"Si lazima yaende mahali? Mnunuzi anataka shamba kavu."

Wakili aliupitia wasia upya. Maji hayakutajwa popote.

Shamba la pili liliuzwa Juni. Maji yakafika magotini, na mikunga, wale samaki kama nyoka, wakazoea kulala chini ya meza. La tatu lilipouzwa, jirani yao Sneath alikuja kumbeba Tabitha kumpeleka ghorofani. Alivua viatu mlangoni kama kawaida yake, akasifu maji kwa usafi.

"Shamba hili lilikuwa la maharage," Tabitha alisema akiwa mgongoni mwa Sneath. "Mume wangu alivunjikia kidole humo."

Wakati wa mavuno Enoch aliingia sebuleni kwa mashua, akaifunga kwenye ngazi, akapanda na karatasi. Shamba la nne lilikuwa limekwisha kuuzwa. Sasa ilitakiwa hati ya kumaliza kazi, yenye majina mawili, kwamba yote yalitendwa kwa nia moja.

"Nia ya nani?" aliuliza Keziah.

"Usinitie aibu mbele ya Mama."

"Mama yupi?" Tabitha aliuliza kutoka kitandani. "Huyu unayemzamisha?"

"Mama, kwani nimekufukuza? Nyumba ni yako. Nani amekugusa?"

Keziah alichukua kalamu, akaitupa dirishani. Enoch hakukasirika. Alimbusu mama yake kwenye paji la uso, akashuka, akapiga makasia kwenda zake. Kesho yake Pilbeam aliandika majina yote mawili kwenye hati, akaipiga muhuri. Mmoja alikuwa ametia saini, ilitosha.

Mazao ya mashamba yale hayakuwahi kuwa mazuri vile. Jumapili watu walipita barabarani wakienda kanisani, vumbi likiwafika magotini, wakampungia mkono Keziah aliyekuwa dirishani ghorofani. Aliwajibu kwa kuwapungia msumeno. Maji yalikuwa yameligusa godoro.

"Funika uso, Mama," alisema, akapanda juu ya kabati na kuanza kukata paa.