Sweta Iliyompwaya Bonge

Sweta niliyojifumia mwenyewe, kwa vipimo vyangu mwenyewe, ilinipwaya. Sisemi ilikuwa kubwa kidogo. Mabega yalishuka yakakaribia viwiko, na kifuani angeweza kuingia mtu wa pili tukakaa mle ndani tukipiga soga.

Mimi ni fundi wa kufuma. Masweta ya shule ndiyo yananilisha tangu nilipoiacha hiyo shule yenyewe. Hii ilikuwa ya kwanza kujifumia, tena kwa uzi wa mohea, yale manyoya ya mbuzi, laini mpaka unaona aibu kuyashika kwa vidole vyenye sugu. Nilitaka, angalau mara moja, nivae kitu ambacho sikukifuma kwa ajili ya mtoto wa mtu.

Uzi ule ni mkorofi. Nywele zake hung'ang'aniana, kwa hiyo ukikosea huwezi kufumua ukaanza upya. Ukivuta unakatika. Ndiyo maana unafuma kwanza kipande cha kujaribia, unakiosha, kikikauka unahesabu vitanzi. Yote hayo niliyafanya. Kitu ambacho sikukifanya ni kujipima mwili, maana mtu hajipimi. Ukiinua mkono kushika futi, kifua kinapanda na kipimo kinaharibika. Kwetu tunapimana. Alinipima dada yangu mkubwa, ambaye tunafanya naye kazi meza moja tangu mama alipotuachia chumba chake cha kufumia. Yeye alizungusha futi na kutaja, mimi nikaandika.

Siku ya kuivaa, fundi viatu wa mlango wa pili alikuwa amekuja kuazima mkasi. Akanitazama, akashika kiuno.

"Bonge! Hiyo umemfumia nani na nani?"

"Toka hapa."

"Nauliza tu, bwana. Kama nafasi imebaki nihamie. Mwenye nyumba ananisumbua."

Nilicheka. Nikamgeukia dada ili tucheke wote. Dada alikuwa ameshika ukingo wa meza kama mtu aliye ndani ya gari bovu.

Nikaivua, nikaitandaza mezani, nikapima. Upana ulikuwa sawasawa na alivyonitajia. Nikampa futi.

"Nipime tena."

"Baadaye, mdogo wangu. Nina mikono ya watu hapa ya kumalizia."

"Nipime sasa hivi."

Hakuipokea. Fundi viatu akaichukua, akanizungushia kifuani huku bado anatabasamu. Akasoma. Akaifungua, akaizungusha tena, akasoma kwa kuisogeza karibu na macho.

"Futi yenu imevutika hii," akasema.

"Futi haijavutika," dada akasema. Halafu akaketi. "Hata siku ile ilisema hivyohivyo. Nilikutajia vipimo vya zamani. Vya lile koti lako jeusi."

Nilidhani sijamsikia vizuri. "Kwa nini?"

"Baba alianza hivihivi. Aliisha tukimtazama. Nikaona nikikutajia namba ile, nitakuwa nimekuhukumu. Nikasema moyoni, atakula, mwili utarudi, sweta itamkuta."

"Umenitazama nafuma msimu mzima!"

"Unadhani kwa nini nilikuwa nakupakulia mara mbili?"

Na kweli nilikuwa nakula. Nilikula kuliko wakati wowote, nikanywa maji kama ng'ombe, nikaamka usiku kwenda chooni mpaka nikaizoea njia ile gizani. Nilisema ni vumbi la uzi linakausha koo. Na kwa kuwa mtaa mzima bado uliniita Bonge, mimi nami niliendelea kuwa Bonge. Kioo chetu cha karakana kinaonyesha uso tu.

Nilikuwa nimefungua mdomo kumtukana dada yangu, na tusi lenyewe nilikuwa nalo tayari, fundi viatu aliponishika mkono. Hakuwa ananitazama usoni.

"Bonge, soksi yako imelowa nini?"

Nikatazama chini. Soksi ya kulia ilikuwa na doa jeusi, kubwa kama kiganja.

"Vua kiatu."

Nikavua. Akaingiza mkono wake wa kifundi ndani ya kile kiatu, akautoa haraka. Kulikuwa na msumari umechomoza kwenye soli, urefu wa ukucha. Nilikuwa nimeukanyaga sijui tangu lini. Nikaivuta soksi, ikaja na ngozi. Harufu ikajaa chumba. Dada alipiga ukelele. Mimi sikupiga, kwa sababu mguu haukuuma. Nilibonyeza pale kwa kidole, nikabonyeza tena kwa nguvu. Haukuuma kabisa.

Kule hospitali walinichoma kidole, wakatazama kile kimashine, wakanichoma kingine. Kisukari. Daktari alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, mpole. Alisema kidonda kina muda mrefu. Alisema ningefika zile wiki nilizoanza kupungua, sukari ingeshushwa kwa vidonge na msumari ungekuwa msumari tu. Dada alikuwa amesimama nyuma yangu. Alisikia kila neno.

Sikumfukuza. Niliporudi kazini niliketi naye meza ileile bila kumsemesha, siku hadi siku, mpaka akafungasha sindano zake akaenda kufumia kwa watu.

Nahesabu nilivyopoteza. Vidole viwili vya mguu wa kulia, vilivyokatwa. Jicho la kushoto, ambalo sasa linaona uzi mnene tu. Dada mmoja, na sikuwa na mwingine.